Turubai la Kumlaza Veronika Njiani

Nilishuka Walikale kwa sababu ya dada yangu mdogo, Veronika. Alikuwa ameolewa na Tomasi, kijana wa kwetu Masisi aliyepata kazi kwenye machimbo ya bati kule msituni, na katika ndoa hiyo alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, wote kwa homa. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Mwenzake Tomasi wa kazini, aliyekuwa akirudi kwao mapumzikoni, alipita nyumbani na ujumbe wa mdomo: njooni mumchukue, ajifungulie huko kwenye baridi, pasipo na mbu. Mama aliposikia hakulia. Alianza kupanga safari yangu kabla mimi sijafungua mdomo.

Siku za kawaida ningedandia kamioni na kushuka nimekaa juu ya magunia. Lakini mvua za msimu ule zilikuwa zimeangusha daraja mbele ya Nyabiondo, na magari hayakupita. Watu walizunguka kwa njia ya miguu ndani ya msitu, njia isiyo na kijiji hata kimoja, na kwa mwendo wa mwanamke mwenye mimba kubwa ilikuwa lazima kulala humo. Yule mjumbe alituonya tusimlaze Veronika chini, kwa maana ardhi ya kule haikauki na wadudu hawamwachi mtu. Alisema tutafute vitanda vya kuning'iniza kwenye miti, na turubai zuri la kuvifunika. Akilowa usiku kucha, homa itamkuta njiani, mbali na kila msaada, na huyo mtoto tutamkosa kama wale wengine. Alisema hivyo mbele ya Mama, bila kuuma maneno, na nilimchukia kidogo kwa sababu alisema kweli.

Masisi, siku ya soko, nilikwenda kutafuta vitu pamoja na jirani yangu Gaspari. Gaspari ni Muhunde, mkulima, na jamaa zake walilima vilima vile kabla ng'ombe wetu hawajavijua. Tumekua pamoja tukigombania mipaka ya mashamba na malisho, na hakuna mtu ninayemwamini zaidi njiani. Mwenye duka alitutandikia turubai la kufunikia kamioni, zito, la kijani. Gaspari alilipenda papo hapo. Nilimwambia alibebe azunguke nalo duka mara moja, kisha afikirie litakavyokuwa likinywa maji. Alizunguka nusu, akalishusha. La pili lilikuwa jepesi la kupendeza, lakini tulipoomba kikombe cha maji na kulimwagia, maji yalipita moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwenye duka, naye hakufurahi.

Tulichochukua mwishowe kilikuwa kipande cha hema la zamani, kitambaa kinene cha pamba kilichopakwa nta, chenye vitundu vya chuma pembeni vya kupitishia kamba. Kabla ya kukubaliana bei Gaspari alilala chali sakafuni, katikati ya wateja, akaniamuru nimfunike. Kitambaa kilimpita kichwani na miguuni kwa urefu wa mkono. Akasema basi kitamtosha na Veronika, kwa sababu Veronika ni mfupi. Kwa ajili yetu sisi wanaume niliazima shuka la mpira la askari mmoja wa kijijini kwetu Lushebere aliyerudi nalo kutoka vitani. Lilikuwa dogo, lakini kwetu sisi kulowa miguu hakukuwa msiba.

Nyumbani Mama alishona vitanda viwili kwa merikani iliyokunjwa mara mbili, na kamba nene kila upande. Tuliviita machela, kwa kuwa vilifanana na zile ambazo kwetu hubebea wagonjwa kupanda vilima. Kisha akachukua kibuyu cha siagi ya ng'ombe, ile iliyokaa siku nyingi, tunayopaka ngozi na mikanda ili isinywe maji, akazisugua kamba zangu zote mpaka zikang'aa. Nilimsaidia. Ilikuwa kazi ya akili kabisa, au ndivyo tulivyoona. Gaspari alikataa kamba zake kupakwa, akasema hataki kunuka kama zizi. Tuliongeza mablanketi, panga, sufuria, chandarua, chumvi, na kiberiti ndani ya kopo lililozibwa kwa nta, tukachukua karatasi ya ruhusa ya kusafiri, tukaondoka.

Kutoka Lushebere hadi Nyabiondo njia ni ya kwetu bado: malisho, mashamba ya maharagwe, moshi wa majiko, watu wanaokuuliza unakwenda wapi na mama yako yu hali gani. Baada ya Nyabiondo vilima vilianza kushuka, na tulipoacha barabara penye daraja lililoanguka, mbingu ilitoweka. Mimi ni mtu wa malisho. Nimezoea kuona mvua ikija toka mbali, nikaamua kama nitakimbia au la. Humo ndani hujui kitu mpaka ikufikie. Nilijisikia vibaya siku nzima, na nilikuwa mkali kwa Gaspari bila sababu.

Alasiri, kabla giza halijaingia, tulitundika machela yetu. Mimi nilijisifu kwa kamba zangu. Hata chai haijachemka, Gaspari aliinua uso akatazama shina la mti, akaniita pole pole. Siafu walikuwa wakipanda mti kwa mstari mnene, wakageukia kwenye kamba, na walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya kitanda changu, wakila siagi ya Mama kwa furaha. Tulipojaribu kuwakung'uta walitupanda sisi.

“Yozefu,” Gaspari alisema huku akivua shati, “ngombe zako njo zinatukula leo.”

Tulikimbia tukaacha kitanda pale. Mvua ilitukuta tumekaa juu ya mzizi, tumejifunika lile turubai la nta kichwani kama wanawake wawili sokoni, na hata huko maji yalitufikia. Sikuwaza siafu. Niliwaza kwamba tungekuwa na Veronika pale, angekuwa amekaa kwenye matope na tumbo lake, akitetemeka, na mimi ndiye niliyetumwa kumlinda. Niliogopa sana, na sikumwambia Gaspari. Asubuhi, siafu wakiwa wamekwisha kwenda zao, tulikitungua kitanda, naye akanigawia kipande chake cha mkate wa mahindi, kwa hiyo nadhani alijua.

Katika kijiji cha kwanza upande wa pili wa msitu tulipokelewa na mjane wa Kinyanga, kabila la msitu ule, Mama Anjelani, ambaye wasafiri wa njia ile wote walimjua. Alitupa maji ya moto na ndizi za kupika, kisha akaanza kugusa vitu vyetu kimoja kimoja. Alipofika kwenye kamba zangu alizinusa.

“Papa, hii kamba munaipakala nini? Inanuka maziwa.”

Nilimweleza kwamba ni siagi, ili maji yasitembee kwenye kamba mpaka kitandani.

“Munaita siafu kula, kisha munashangaa banakuya,” alisema.

Alicheka mpaka akashika ukuta, akawaita majirani, nikasimulia upya mara tatu, na mara ya tatu hata mimi nilicheka. Tukazichemsha kamba kwa maji ya majivu hadi harufu ikatoka. Kuhusu maji alinionyesha kitu rahisi: funga kipande cha kitambaa kwenye kamba, karibu na kitanda, kining'inie chini; maji yakifika pale yatafuata kitambaa yaanguke. Akatuambia pia tutazame juu kabla ya kutundika, kwa sababu tawi kavu linaua kuliko nyoka, na turubai tulifunge likiwa limeinama upande mmoja zaidi, ili maji yasitengeneze ziwa juu ya mgonjwa. Alipoona mablanketi yetu alishangaa, akasema tumebeba mizigo ya bure. Nikamjibu kwamba hajawahi kulala Masisi, naye akakubali kuwa hajawahi na hana hamu.

Walikale tuliwakuta Veronika na Tomasi mbele ya nyumba yao kwenye kambi ya machimbo. Nilijitayarisha kumwona amedhoofika, na kweli mashavu yalikuwa yameingia, lakini alinipokea kwa matusi ya utotoni, akaniuliza kama ng'ombe wake Mweusi bado anapiga mateke. Nilipumua. Tomasi hakuweza kuondoka kabla ya mkataba wake kwisha. Alitembea nasi hadi mwisho wa kambi, akiwa amebeba kifurushi kidogo cha mkewe ambacho mimi ningeweza kukibeba kwa kidole. Alipotukabidhi alimwomba tu Gaspari amtazame Veronika vizuri. Akaniruka mimi, kaka wa damu wa mkewe. Sikumlaumu, habari ya siafu ilikuwa imetutangulia.

Tuliporudi msituni tulikwenda taratibu, tukipumzika kila Veronika alipotaka, na alitaka mara nyingi. Tulipofika mahali pa kulala nilifanya kila kitu mara mbili. Nilitazama matawi juu, nikachagua miti miwili hai, nikatundika machela yake, nikaikalia mimi kwanza, kisha akaikalia Gaspari ambaye ni mzito kunishinda. Tukafunga turubai lile la hema juu yake, limeinama upande wa upepo, likipita mbele na nyuma kwa urefu wa mkono. Tukaning'iniza vitambaa kwenye kamba, tukamtandikia chandarua. Veronika alisimama mbele ya kitanda akakataa.

“Hapana, kaka. Hii iko ya wagonjwa. Mie siko mugonjwa.”

Nilijua alichoogopa. Kwetu ukiona machela inapanda kilima, unavua kofia na kuuliza ni nani. Na watoto wake wote wawili waliondoka nyumbani kwenda kuzikwa wakiwa wamelala ndani ya nguo. Gaspari ndiye aliyevua viatu, akapanda yeye kitandani na miguu yake mikubwa, akajikunja, akajifanya kukoroma, akakataa kutoka. Veronika alimwambia ashuke, kwamba anamchafulia kitanda chake. Akapanda.

Mvua ilianza mara tu baada ya kula, mvua ya kule, inayomwagwa siyo kunyesha. Mimi na Gaspari tulipokezana lile shuka la askari na kazi ya kuchochea moto uliokuwa ukitaka kufa. Kila nilipopita karibu na Veronika nilipeleka mkono chini ya machela kupapasa kitambaa. Kikavu. Nilipapasa tena. Kikavu. Yale maji yaliyoshuka kwenye kamba yaligeuka kwenye vitambaa yakadondoka chini, tone baada ya tone, na nilikaa nikiyasikiliza kwa raha ambayo sijapata kanisani, Mungu anisamehe.

Asubuhi mimi na Gaspari tulikuwa tukikamua mashati yetu wakati Veronika alipotoa kichwa nje ya chandarua, amevimba macho kwa usingizi.

“Kaka, jana mvua ilinyesha?”

“Kidogo,” Gaspari alimjibu, maji yakimtoka masikioni.

Karibu na Nyabiondo, ambako hewa inabadilika, tulilala mara ya mwisho, na huko kulikuwa na adui mwingine. Kitanda kinachoning'inia hupitiwa na upepo chini, na blanketi la juu halisaidii mgongo. Tulikata majani makavu ya mgomba kwenye shamba la mtu, kwa ruhusa yake, tukayatandika chini ya Veronika, na blanketi juu ya majani. Alilala joto. Sisi tulilala pia, safari hii sote, na nilipoamka jua lilikuwa juu ya malisho, nami nikaliona lote.

Tangu hapo watu wanaoshuka Walikale huja kwangu kuuliza wabebe nini. Huwaambia wamwage maji juu ya turubai kabla ya kulinunua, walale chini yake dukani hata kama watachekwa, wafunge vitambaa kwenye kamba, wabebe majani au blanketi la mgongoni, na siagi waiache nyumbani waipake mkate. Nawaambia pia wachague mtu wa kwenda naye kabla ya kuchagua turubai, na huyo awe mtu anayejua kucheka akilowa.

Veronika alijifungua kabla Tomasi hajafika. Mimi nilikuwa nje nikijifanya natengeneza ua wa zizi, nikipigilia mti mmoja uleule ambao haukuwa na ubaya wowote. Ndani kulikuwa kimya kwa muda mrefu mno. Kisha sauti ilitoka, nyembamba, ya hasira, ikaendelea, ikakataa kunyamaza. Mama alisimama mlangoni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

“Mutoto na mama yake, bote bazima,” alisema.

Nilikaa chini pale pale kwenye samadi, na suruali yangu ya Jumapili, nikalia.