Kanga Mbele ya Dude

Ipo Jumamosi moja ya mtaani kwetu Igogo ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu. Tangu uliponiuliza jana kama filamu unayoiandaa ionyeshe dude lake la angani lote au ilifiche, imenirudia na joto lake lote, mpaka nimeshindwa kukaa chini.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye ndugu Dar es Salaam au Nairobi akaletewa kitu cha kuuza. Shangazi yangu Kabula aliletewa televisheni na deki ya video. Akaviweka kwenye chumba cha mabati karibu na ziwa, akapanga mabenchi, nami niliyekuwa nimetoka sekondari nikawa mtafsiri wake. Nilisimama pembeni ya kioo, wazungu wakisema kikwao, nami nikisema kikwetu. Raha ile sijui nikueleze vipi. Nikinong'ona, mabenchi yote yananyamaza. Nikipaza sauti, watu wazima wanaruka.

Tukapata mkanda wa dude lililoshuka kutoka nyota ya mbali na kujificha mgodini. Karibu mkanda mzima huoni kitu: taa inazimika, mtu anaitwa haitiki, dada mmoja anakimbia gizani, ute unadondoka kutoka juu. Mimi nilikuwa nimeuangalia wote asubuhi, peke yangu, na kujua kule kukaniwasha. Tangu mwanzo nikawatangazia watu: lina macho sita, lina meno kama misumari, subirini mtaliona. Wakasubiri. Mwishoni dude likatoka kwenye mwanga mweupe, likasimama lote, likageuka. Mgongoni lilikuwa na zipu.

Kisha Mama Nyamizi, muuza dagaa aliyekuwa amemng'ang'ania jirani yake kwa hofu, akasema taratibu, "Jamani, si mtu huyo kavaa gunia?"

Walicheka mpaka njiani, na habari ikafika sokoni kabla yao. Siku zilizofuata mabenchi yalibaki matupu. Watu walipanda zao mtaa wa Mirongo, kwenye ukumbi mwingine wa video. Shangazi akaniambia bila ukali kwamba Jumamosi ikiwa hivyo atauza deki, nami nirudi Buswelu kwa baba nikalime.

Niliulaumu mkanda. Nikasema waliolitengeneza dude lile walikuwa wavivu, wangelishona vizuri zaidi. Shangazi alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho. Aliniuliza tu, zimwi la hadithi za bibi lilikuwa na uso gani? Niliijua harufu ya zimwi lile. Nilijua jinsi mbwa walivyoingia uvunguni likikaribia. Uso, hapana, na bado hadi leo siwezi kulala mlango ukiwa wazi.

"Unaona," akasema. "Nilikuweka uwatafsirie maneno, Kulwa. Wewe ukawatafsiria na macho. Sasa wao wabaki na nini?"

Jumamosi alimtuma fundi baiskeli wa mtaani kwetu azunguke akitangaza: mkanda ni uleule, dude si lile. Watu walikuja, wengi wao wamejiandaa kucheka. Safari hii nilitafsiri maneno peke yake, na palipokuwa kimya nami nikanyamaza. Ilipokaribia pale dude linapotoka, Shangazi akasimama, akashusha kanga yake mbele ya kioo. Sauti ikabaki.

Kelele zikaanza. Kijana wa benchi la mbele akasema amelipa kuona, si kusikia, na akataka kanga itolewe.

"Leo unalala na nani?" Shangazi akamuuliza.

"Peke yangu."

"Basi kaa, baba. Nakuonea huruma."

Wakamcheka, naye akakaa. Kicheko hakikuisha vizuri, maana nyuma ya kanga kitu kilivuta pumzi. Mwanga ukapenya kwenye maua ya kitambaa, kivuli kikapita polepole, kikarudi. Nikasema jambo moja tu: "Yule dada ameacha kukimbia." Mtu akanong'ona gizani, kwa nini? Nikauacha mkanda uendelee. Mwili wangu mwenyewe ulikuwa umesisimka, mimi niliyeijua zipu!

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, Igogo nzima ilikuwa inabishana. Mama Nyamizi, aliyeiona zipu kwa macho yake, aliapa kwamba dude lina ndevu za kambare. Fundi baiskeli akasema mabega yake ni ya kiboko. Kijana wa benchi la mbele akasema halina kichwa kabisa, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Jioni walirudi na ndugu zao kuja kuhakikisha. Wengine walichungulia dirishani. Deki haikuuzwa, wala sikushika jembe.

Sasa nikujibu, mwanangu. Kijana yule naye alikuwa na haki yake: mtu aliyekuja kuona usimfiche kwa sababu huna kitu cha kumwonyesha. Litengeneze dude lako mpaka ulijue kila kucha, kisha mtazamaji umwonyeshe mtu aliyeliona: mkono wake, pumzi zake, anavyoacha kukimbia. Na hadithi ikikulazimisha ulitoe lote, litoe, ila usitoe na sababu zake. Sangara, yule samaki wa kuletwa, alipoingia ziwani kwetu tulimwona mzima, kichwa hadi mkia, tukampima, tukamla. Lakini wazee waliendelea kumwita mgeni, kwa kuwa hakuna aliyejua atalifanya nini ziwa letu. Lililoonekana lote linaweza bado kutisha, mradi halijaelezwa lote.

Nenda kaitengeneze, nami nitakuja nikae benchi la mbele. Mungu akujalie macho ya kuona mpaka mgongoni mwa dude, na mkono unaojua wakati wa kushusha kanga.