Mkono Ndani ya Chupa

Siku ya makumbusho tulikuwa sita. Mimi, mwanangu wa kwanza ambaye ndiye aliyebaki hai, mke wake, watoto wao wawili, wa kiume wa miaka tisa na wa kike wa miaka saba, na mjukuu wangu mdogo wa miaka mitano, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Majina yao yote ninayo, na ya waliowazaa, na ya waliowazaa hao. Siyaandiki kwa sababu hawajaniruhusu.

Mwanangu na watu wake wanakaa Gungu. Mimi na mdogo tulikuwa tunakaa Ujiji. Wiki mbili kabla ya siku hiyo niliacha maharage motoni nikaenda kwa jirani, nikakaa. Sufuria ikaungua, moshi ukajaa nyumba, mtoto amelala ndani. Hakuumia, alikohoa tu. Lakini maneno yalifika Gungu sufuria haijapoa. Mke wa mwanangu akasema mtoto ahamie kwao. Mwanangu akasema, "Jumamosi tutoke wote kwanza, nimtazame mama alivyo." Mimi hakuniambia. Aliniambia yule wa miaka tisa, maana hana siri.

Basi nilijua ninatazamwa. Nikavaa kitenge kilichopigwa pasi.

Makumbusho yenyewe ni chumba kirefu kule Kigoma mjini, wameweka viumbe wa ziwa. Fuvu la mamba, makonokono, ndege waliojazwa pamba, na samaki ndani ya chupa za kioo, wamelowekwa kwenye dawa. Msichana msimamizi akaniamkia, akaniletea kiti. Sikukaa.

Yule wa kiume akaziba karatasi ya jina kwenye chupa kwa kiganja. "Haya, mke wangu, huyu nani?"

"Kuhe. Mume gani wewe, humjui kuhe na unamla kila siku?"

"Na huyu?"

"Mgebuka. Warundi wanamwita mukeke."

"Na haka?"

"Dagaa. Usinitukane."

Mwanangu akacheka. Nilimwona anamgeukia mkewe, kama mtu anayesema, si unaona. Mdogo alikuwa ameshika ncha ya kitenge changu, anatafuna kidole.

Chupa ya mwisho ilikuwa kubwa, mdomo mpana. Samaki wake dawa ilishamwondoa rangi, mweupe kama kipande cha sabuni. Yule wa kiume akasoma karatasi: sangala.

"Si sangala huyo," nikasema.

"Bibi, imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

Nilidhani ni nonzi, ila rangi ikishatoka jicho linaweza kudanganya. Sisi tulioanika samaki pale ufukweni, jicho likishindwa tunatumia mkono. Unapitisha kidole gumba kutoka mkiani kwenda kichwani. Magamba ya nonzi ni madogo, kidole kinateleza. Ya sangala yanakwaruza. Nimefanya hivyo tangu msichana, sifikirii. Kifuniko kilikuwa kimewekwa tu. Nikakifunua, nikaingiza mkono.

Harufu ikatoka, watoto wakaziba pua.

"Bibi! Toa mkono, bibi, hiyo ni sumu!" Huyo ni msimamizi.

Mke wa mwanangu alishamvuta mdogo kwake. "Mama, unafanya nini?"

"Namtazama samaki."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akanipeleka bombani, akaniosha kwa sabuni mara tatu. Vidole vilikuwa baridi, kama mkono si wangu. Nikamwambia ni nonzi. Akasema, sawa bibi, atamwuliza mkubwa wake.

Ningeweza kumweleza mwanangu. Amekulia kwenye samaki hao hao, amenikuta nimeinama pale ufukweni sijui mara ngapi. Lakini alikuwa anatazama sakafu, na mimi sikusikia hamu ya kueleza. Sikusikia kitu chochote, kwa kweli.

Tulirudi kwa bajaji mbili. Ya mbele ilibeba watoto wote watatu na mke wa mwanangu, ikashika njia ya Gungu. Yetu ikashika ya Ujiji.

"Mama, mdogo atalala kwetu leo," mwanangu akasema.

Nikasema sawa.

Kesho yake alikuja kuchukua nguo. Nilikuwa nimeshazikunja, na sare ya chekechea nimeiweka juu ili isijikunje. Akashukuru. Akasimama kidogo mlangoni, akaniuliza kama mkono unauma. Nikasema hauumi. Alipoondoka nikapika, nikala, nikazima moto.

Baadaye yule wa kiume alikuja kunisalimia, anakimbia tangu nje. "Mke wangu, shule ilitupeleka makumbusho! Karatasi wameibadilisha! Wameandika nonzi!"

"Vizuri."

"Si ulisema!"

"Nilisema. Baba yako umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Akajikuna kichwa. "Akasema jina la samaki bibi analijua, wala yeye baba hakubisha. Ila mtu mzima hatii mkono kwenye sumu mbele ya watoto."

Nikampa ndizi mbili, moja yake, nyingine ampelekee mdogo.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Mliokuwepo, kama kuna niliyemsahau, au nimempa mtu neno ambalo hakulisema, njooni mnirekebishe. Mje na mdogo, naye alikuwepo. Mtanikuta, siku hizi sitoki.