Wamama, Mujifunike

Bafu letu halina paa. Ni ukuta wa matete tu, na nyuma yake iko bustani ya zamani ya mapadri, yenye miti mirefu kupita kanisa. Yule mkata matawi wao hapandi mti kabla ya kuita. Hufunga kamba kiunoni, hutundika msumeno begani, kisha hupaza ile sauti yake ya kukwaruza: "Wamama, minapanda, mujifunike!" Hungoja kidogo, akipapasa gome kwa vidole vyeusi kwa utomvu, ndipo hukwea. Tawi bovu hulikata polepole, na kidonda chake hukipaka udongo kwa kiganja, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Juzi mafua yalimkausha sauti. Jioni alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi, akikwangua utomvu kwenye kucha. "Mama Laura, leo nilipanda bila kuita," alinong'ona. "Nilifumba macho, lakini nilikuwa nimeisha kuona. Unisamehe."

Mimi nilikuwa nimeoga nikiimba, sina habari. Si angenyamaza tu. Sasa sauti imemrudia, na kila akiita, hata nikiwa jikoni nimevaa, nasonga bugali, navuta kitenge hadi shingoni.