Kompyuta Zilizofundishwa Shikamoo

Umma wa Korogwe, wa Handeni, pamoja na abiria wote wanaoshuka Mombo kununua chakula, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Isihaka, mtoto wa Kwamsisi, ndiye binadamu wa kwanza katika bonde hili kuzima kompyuta ya mwenzake bila kuinuka kwenye kiti. Simameni kidogo. Haya, kaeni.

Zilikuwa zama za ubinafsishaji. Kila kilichokuwa cha umma kilipata mnunuzi, na kila nyumba yenye baraza iligeuka shirika lisilo la kiserikali. Shirika la Isihaka lilikuwa pale Korogwe mjini, likiwawezesha wakulima. Wakulima walikuwa bado hawajawezeshwa, lakini kompyuta zilishafika, kila chumba na yake.

Isihaka alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Posa yake ilikuwa imekaa kijijini Mazingara, kwa wazazi wa binti, ikisubiri jibu la swali moja la baba mkwe: "Ameajiriwa au anashikizwa?"

Kazi yake ilikuwa hii: ngurumo ikisikika huko Usambara, azunguke vyumbani kuzima mashine kabla radi haijazifuata. Akachoka. Akajifunza kile kidirisha cheusi kisicho na picha wala kipanya, unamoandika amri moja tu na mashine ya chumba cha mwisho inakata roho. Mara ya kwanza aliandika, akabonyeza enta, akaegemea kiti kama bwana mkubwa wa shamba la mkonge.

Mzee Fabiani, mhasibu, akatokea mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Ndiyo unaikumbuka sasa? Nimekaa naandika, unanizimia mashine usoni! Hodi huna, shikamoo huna. Mimi taa?"

"Ni amri tu, mzee. Imeamriwa kompyuta."

"Na aliyekuwa mbele yake nani? Si mimi?"

Kikao kikaitishwa, maana shirika lile liliweza kukosa dizeli lakini si kikao. Ikaamuliwa kwamba kila amri itanguliwe na salamu, na isitekelezwe mpaka aliyesalimiwa aitikie. Isihaka akaziandika upya amri zake. Sasa kioo cha Mzee Fabiani kilisema: "Shikamoo mzee. Naomba kuzima." Mzee akishaandika marahaba, kwa kidole kimoja, mashine inalala. Alinogewa hata akawa anaomba azimiwe.

Balaa likahamia kwa Shamimu wa mapokezi. "We Isihaka, shikamoo yako kampe bibi yako! Mimi nimezeeka lini?" Yake ikawa "Mambo", na jibu "Poa". Nemayian, afisa mifugo, naye akasema salamu isiyouliza ng'ombe ni dharau. Yake ikauliza watoto, ikauliza ng'ombe, ikauliza malisho, na kila swali likangoja jibu lake.

Ndipo wafadhili wakatangaza ziara. Mkurugenzi Josefina akamwita Isihaka. "Waonyeshe hayo maajabu yako. Wakiridhika, nakusainia ajira. Wasiporidhika, mkataba wako unaisha pamoja na pilau."

Siku ikafika. Isihaka akakalia kiti cha kuzunguka cha mkurugenzi, wageni kutoka Dar wamesimama nyuma yake, kalamu mkononi.

"Waheshimiwa, kwa amri moja, bila mimi kuinuka, ofisi nzima inazima."

Enta.

Upande wa pili wa ukuta mashine ziliendelea kuvuma. Kila moja ilikuwa imesalimia vizuri kabisa, na hapakuwa na wa kuitikia: wafanyakazi wote walikuwa uani, penye pilau.

Isihaka akatoa kichwa dirishani. "Mzee Fabiani! Njoo uitikie!"

Mzee alikuwa na paja la kuku. "Niitikie nini? Si umeniamkia asubuhi?"

"Ni kompyuta, mzee!"

"Iambie nakula."

"Shamimu, dada'angu! Kompyuta yako inakusalimia!"

"Poa!" Shamimu akaitikia kutoka kwenye foleni ya sahani, wala hakugeuka.

Basi Isihaka akakiacha kiti, akatimua mbio koridoni, wageni nyuma yake. Kwa Mzee Fabiani akaamkiwa na amri yake mwenyewe, akajiitikia marahaba, kijana asiye hata na mke. Kwa Shamimu akajiambia poa, na hali haikuwa poa. Kwa Nemayian akaulizwa watoto, akaandika hawajambo, naye hana hata mmoja. Akaulizwa ng'ombe, akaandika wazima, na kwao Kwamsisi wanafuga kuku. Akaulizwa malisho. Hapo akakwama, akachungulia nje, akaandika: makavu. Mashine ikalala. Isihaka akabaki anahema, akiiona posa yake inavyorudishwa kutoka Mazingara.

Lakini mkuu wa wageni alikuwa anaandika kwa kasi ya mtu aliyepata alichotumwa.

"Ajabu!" akasema. "Teknolojia inayoheshimu mila! Shirikishi! Na mtaalamu anamfikia kila mlengwa mahali alipo!"

Uani, mbele ya pilau iliyosalia, akatangaza fedha za mradi mpya: kompyuta zote za tawi la Handeni ziingizwe kwenye mfumo huo huo. Mkurugenzi Josefina akasaini ajira ya Isihaka palepale, juu ya sinia lililogeuzwa. Vigelegele. Mzee Fabiani akapiga makofi kwa mkono mmoja, akiligonga paja lake mwenyewe, maana ule mwingine ulikuwa na la kuku.

"Sasa, ndugu Isihaka," mgeni akasema, "hebu waeleze wenzako kwa maneno yako mwenyewe. Ukiwa umekaa hapa hapa Korogwe, kompyuta za Handeni utazizima vipi?"

Isihaka akajifuta jasho.

"Kwa pikipiki."