Mafuta ya samaki na magoti ya Mama

Leo basi zima la kwenda Barking linanuka samaki, na chanzo ni mama yangu mzazi.

Juzi alinunua vidonge vya mafuta ya samaki, eti magoti yatalainika.

Nikampeleka kwa mfamasia kwanza, maana Mama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Akaambiwa asimeze mpaka daktari wake akubali, asije akatokwa na damu.

Mama akaitikia vizuri mno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Leo abiria wanafungua madirisha. Mimi nanusa mkoba wangu. Mama katulia, anatazama nje.

"Mama, ni wewe?"

"Nimevitoboa vile vidonge nikachua magoti. Yule mfamasia kaniambia nisimeze. Nimemeza?"

Mwenye jibu aniandikie. Bado tuko ndani ya basi.