Beberu wa Kwenye Simu

Mwaka ule githeri yetu ilikuwa mahindi matupu. Ukipata maharagwe mawili kwa sahani, yanaangaliana kama mashemeji waliokosana. Ndio mwaka mjukuu wangu, karani kule Embu mjini, alitaka kuoa. Wakwe wa Kanja wakasema: leteni beberu mkubwa asiye na kasoro. Kasoro ikionekana, mtarudi naye, na msichana wetu atabaki.

Mjukuu akaniletea simu jikoni. "Shosho, nimempata. Yuko Meru. Tunalipa, analetwa."

Picha kumi na nne. Beberu amesimama, beberu anakula, beberu kando ya ua. Chini yake maandishi marefu kama mahubiri: amechanjwa nini, mama yake alikuwa nani, anapenda majani ya viazi, hana kiburi. Watu wamempa nyota tano.

"Na upande wa kulia uko wapi?" nikauliza.

"Upande gani tena?"

"Hizi zote ni za kushoto. Mbuzi unamzunguka, unamfungua mdomo, unamshika korodani, ndio unaanza kuongea bei. Sinunui mbuzi wa upande mmoja."

Akamwandikia muuzaji. Zikaja picha zingine tisa. Kushoto. Ikaja video yenye muziki. Beberu akitaka kugeuka tu, inakatika. Ikaja hata karatasi ya daktari wa mifugo. Kadiri habari zilivyojaa ndivyo nilivyozidi kumwogopa huyo mnyama.

"Shosho, utanikosesha bibi!"

"Kulia, nimesema."

Kesho yake ikaja. Beberu ameangalia ng'ambo, amenona, sikio safi. Mjukuu alikuwa ashaweka kidole pale pa kulipa. Nikakichapa na mwiko.

"Angalia kuku."

Nyuma ya beberu kulikuwa na kuku mwekundu, mguu mmoja juu, mdudu mdomoni. Nikamrudisha kwa picha ya kwanza: kuku yule yule, mguu ule ule, mdudu yule yule. Mimi sikumaliza darasa la tatu, lakini kuku wa kushika mdudu tangu jana bila kummeza sijawahi kufuga. Picha ilikuwa moja, imegeuzwa kama chapati.

Tukampigia. Akasema, "Mama, ni sikio tu. Mbwa aliliuma kidogo."

"Kumebaki nini?"

"Kumebaki... mahali pake."

Alhamisi nikaenda soko la Karurumo, nikamzunguka beberu mwingine mpaka yeye mwenyewe akashikwa na kizunguzungu. Jumamosi, kule Kanja, wazee wa wakwe nao wakamzunguka, wakavuta masikio yote mawili, wakacheka, wakaita msichana atoke. Mjukuu wangu alilia kama mtoto, na mimi nikatembea pale kama chifu.

Tukiwa bado tunakula, simu yake ikalia. Ni yule wa Meru. Ati atapunguza bei, atamleta beberu mwenyewe mpaka mlangoni, na yule kuku atatuongezea bure.

Nikainyakua simu.

"Sinunui mbuzi wa upande mmoja."