Nondo za Madirisha ya Shemeji

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na kazi yake anaijua. Tatizo lake ni masikio. Neno lolote la Mheshimiwa, mbunge wetu, likishaingia humo, halitoki. Picha ya Mheshimiwa aliitundika karakanani, na nyingine sebuleni, pale dada yangu alipokuwa anataka kuweka picha ya harusi yao.

Katika mkutano wa kampeni, Mheshimiwa alitangaza kwamba wakimchagua tena, watu watalala milango wazi. Wenye akili zao walipiga makofi, wakarudi nyumbani wakafunga milango. Shemeji alirudi akawasha mashine, akakata nondo za madirisha yote ya nyumba yake, ambamo nami naishi. Akazichomelea zikawa ngazi ya jukwaa la mkutano uliofuata, zawadi yake kwa chama.

Sasa, nyumba ile ilikwishaibiwa zamani, kabla ya kuwekwa nondo hizo. Wezi walipita dirisha la chumba cha watoto, nao wamelala. Tangu hapo dada halali mpaka ashike kila nondo kwa mkono wake.

"Baba Watoto, umerukwa na akili?" aliuliza.

"Mheshimiwa ametoa neno lake."

"Ametoa neno, hajatoa askari."

"Tatizo lako huna imani."

Dada yangu, anayeamka kusali kabla ya jogoo, ndiye hana imani! Nilitaka kumrushia shemeji kikombe. Dada akawahamishia watoto kitandani kwake, akawa anamwomba Mungu ulinzi kwa sauti kubwa, makusudi. Mwenzake anakoroma tu, utadhani analindwa na jeshi zima.

Mheshimiwa akashinda. Haukupita muda akamwita shemeji nyumbani kwake. Weee! Shemeji akatoa suti ya harusi, akapaka viatu rangi, akijua anakwenda kupewa cheo. Jioni alirudi na suti imejaa vumbi la ukutani. Alikuwa ameitwa kupima madirisha. Mheshimiwa alitaka nondo nene, safu mbili, na mlango wa chuma wa chumbani, ingawa getini kwake kuna walinzi wenye bunduki na mbwa wasiojua mzaha.

"Nikamuuliza, Mheshimiwa, unamwogopa nani?" shemeji alitusimulia, suti bado mwilini. "Akaangalia nyuma kwanza. Akaninong'oneza: 'Fundi, watu wa huku siwaamini.'"

"Watu wa huku ndio nani?" dada aliuliza.

"Si ndio sisi."

Dada hakucheka. Nilicheka mimi, sehemu yake na yangu.

Kesho yake shemeji aliweka nondo mpya kwenye madirisha yetu kabla ya kugusa za Mheshimiwa. Jioni, dada alipowaita watoto kusali, tukamwona naye anakuja. Alipiga magoti kwa shida, akafumba macho, akakohoa kama mtu aliyekabidhiwa kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mungu," alianza, "kwa niaba ya familia yangu, napenda kuchukua nafasi hii adhimu..."

"Baba Watoto," dada alimkatiza, "huyu hagombei. Mwambie tu kilichokuleta."

Watoto walifungua jicho moja moja kumchungulia.

"Naogopa," shemeji alisema. "Nilinde mimi na hawa."

Na mimi, pamoja na mdomo wangu huu, nikaitikia amina.